Ngozi ya Mstari Mweupe

"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."

Vijana waliyaokota maneno hayo kwenye mkutano wa kijiji, siku yaliposomwa majina ya wanaotakiwa jeshini na jina la mtoto wa mwenyekiti lisisikike. Mzee mmoja aliyasema kwa sauti, watu wakacheka kicheko kibaya, na mkutano ukavunjika. Nyumbani walimkuta Bibi Naetwe akichambua maharage, wakamuuliza maneno yale yametoka wapi. Bibi akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje, akasema kwamba methali hii ilianza namna hii.

Zamani nchi iligawanyika kwa ajili ya kiti. Mfalme alikufa akaacha wana wawili, na kila mmoja akajitangaza. Mkubwa alishika milima, mdogo akashika tambarare, wakapigana miaka mitatu mpaka wanaume wa makamo wakapungua kama chumvi mvuani. Ndipo mkubwa akatuma wajumbe milimani kote: kila kijiji kitoe vijana kumi na wawili.

Kijiji cha Kisheni kilikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, iliyotengwa na mfereji wa maji. Watu wa Juu waliapa kwa jina la mfalme mkubwa. Wa Chini walisemwa kuwa wanampenda mdogo, na kila neno walilosema lilipimwa. Mjumbe alipofika hakumchagua mtu.

"Mimi sitaki ugomvi na nyumba ya mtu," alisema huku akitafuna nyama waliyompa. "Chaguaneni wenyewe. Siku ya nne nitarudi."

Mtu mmoja akamuuliza, "Na mwanao, mheshimiwa, yuko kikosi gani?"

"Mwanangu ana kifua. Analinda ghala la unga la mfalme."

"Ghalani kuna vumbi, mheshimiwa. Si afadhali umtoe nje akapate hewa vitani?"

Watu walicheka. Mjumbe hakucheka, akafuta mikono akaondoka.

Sasa, pale Kisheni jambo lililowashinda wazee lilipelekwa kwenye ngozi. Ngoma kuu iliwekwa juu ya daraja la mfereji, nusu Juu, nusu Chini. Ikawambwa ngozi mbichi ya fahali mwenye mstari mweupe mgongoni. Ngozi ikikauka, walitazama mstari umeegemea wapi. Mtaa ulioegemewa ulihesabiwa kuwa umefunikwa, na wana wake walibaki. Mtaa wa pili ndio uliotoa.

Mwambaji alikuwa Mzee Senzota wa Juu, kama baba yake na babu yake. Alikuwa na watoto wawili. Kiondo, kitinda mimba, aliishi naye. Nakijwa alikuwa ameolewa Chini na kijana aitwaye Mrutu, na alikuwa ananyonyesha. Vijana wa Juu hawakuzidi kumi na wawili, na wa Chini vivyo hivyo. Kwa hiyo Nakijwa hakuhitaji mganga wa kumwambia. Mstari ukienda Juu, atampoteza mume. Ukienda Chini, atampoteza ndugu.

Siku ya kuwamba, watu walijaa kingo zote mbili za mfereji. Kwa desturi, binti wa mwambaji ndiye aliyemimina maji ili ngozi isikauke kabla ya wakati, hata kama ameolewa. Nakijwa alichuchumaa pembeni ya ngoma na kibuyu chake. Baba yake alivuta kamba za Juu mara saba, watu wakihesabu kwa sauti. Kisha akazunguka, akavuta za Chini mara saba, wakahesabu tena.

Wote walitazama mikono. Nakijwa, kwa kuwa alikuwa chini, aliona miguu.

Upande wa Juu baba yake alikanyaga mzinga wa ngoma kwa mguu mmoja na kuvuta kwa mwili mzima. Upande wa Chini alisimama wima, akavuta kwa mikono mitupu.

Maji yalimwagika pasipotakiwa. Akinyamaza, Mrutu amekwenda. Akisema, amemtia baba aibuni na Kiondo kwenye mikuki. Alitazama ng'ambo, akamwona Mrutu amembeba mtoto begani ili aone ngoma.

"Baba," alisema, "mguu wako."

"Mimina maji, Nakijwa."

"Namimina, baba. Lakini kwa Juu unakanyaga mzinga, kwa Chini hukanyagi."

Kingo zote mbili zikalipuka.

"Nimevuta saba na saba!" Mzee Senzota alisema. "Nani hakuhesabu?"

"Tulihesabu mikono, mzee!" mama mkwe wa Nakijwa alipiga kelele. "Miguu hatukujua kama nayo inawamba!"

"Basi avute mtu wa Chini," wengine wakasema.

"Mtumalize? Nyie wa mfalme mdogo!" wa Juu wakajibu.

Vijana walianza kuokota mawe. Ndipo mzee mmoja wa Chini akainua fimbo. "Ngojeni. Huyu binti kazaliwa Juu, kazaa Chini. Amemsema hata baba yake mzazi. Tukimkosa huyu, mwenye haki tutamtoa wapi?"

Nakijwa alikataa. Wakambembeleza, akakataa tena. Kamba zikafunguliwa, wakamshikisha hivyo hivyo.

Aliapa mbele yao kuvuta sawa, na alikuwa anamaanisha. Alikanyaga mzinga kwa Juu, akavuta mara saba. Akazunguka, akakanyaga mzinga kwa Chini, akavuta. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya nne mwanawe alilia begani mwa Mrutu. Tano, sita, saba. Akafunga fundo. Watu wa mitaa yote miwili wakapumua, maana hakuna aliyeona kosa.

Mzee Senzota alisogea kama anayekagua kazi. Miaka arobaini alikuwa ameshika kamba zile. Akagusa za Juu kwa kidole, kisha za Chini.

"Za kwetu zimelegea," alisema polepole ili asikie binti yake peke yake. "Za kwenu zinalia."

Nakijwa alizigusa. Ilikuwa kweli. "Baba, niliapa kuvuta sawa."

"Nami niliapa, mwanangu. Kila mara huwa naapa."

"Basi waambie! Waambie tufungue tuanze upya."

Mzee aliwatazama vijana. Wengi bado walikuwa na mawe mikononi. "Nikisema, watauana hapa hapa kabla ya vita kuwafikia. Na tukianza upya, tutampa nani kamba?"

Jua lilikausha ngozi. Jioni mstari mweupe ulikuwa umelalia Chini, na wanawake wa Chini walipiga vigelegele wakavikatisha wenyewe kwa haya. Mama yake Nakijwa, kule Juu, alikaa chini akajifunika uso kwa kanga.

Siku ya nne mjumbe alirudi, akawapanga vijana wa Juu mstari mmoja, kumi na wawili. Walipovuka daraja, Kiondo alichomoka kwenye mstari akamfikia dada yake.

"Dada, nisikuage? Watu wanasema baba alikuwa ananivutia mimi, wewe ukamzuia. Sina kinyongo. Haki ni haki. Niambie tu, wewe ulivuta sawa?"

"Wewe! Rudi mstarini!" mjumbe aliita.

Nakijwa angeweza kusema ndiyo. Kijana angekwenda na moyo mwepesi, na isipokuwa baba yao, hakuna ambaye angejua.

"Ndugu yangu," alisema, "mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."

Kiondo alimtazama, akamtazama na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake. Akakishika kisigino kile kidogo, akakiachia, akarudi mstarini.

Bibi Naetwe alitikisa ungo. "Wengine husema maneno haya kwa kumcheka mwenzao," aliwaambia wale vijana. "Aliyeyasema kwanza alikuwa anajisema mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."