Nafasi ya Dada Jukwaani

Kila mwaka, tuzo za uandishi wa habari, fasihi na maigizo zilipokaribia, wasanii wa mji ule hawakulala wakapata usingizi. Mwaka huo aliyehangaika kupita wote alikuwa mwongozaji mmoja wa michezo ya kuigiza. Kikundi chake alikianzisha na dada yake mkubwa katika ukumbi wa mabati, ambamo mvua ikinyesha waigizaji hupaza sauti kama watu wanaogombana. Dada ndiye aliyekuwa mhusika mkuu miaka yote. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilifika kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Mavazi ya wenzake alishona yeye.

Tamthilia mpya, ya mjane aliyenyang'anywa nyumba, ndugu hao waliitunga pamoja. Lakini mwongozaji alipokutana na mwigizaji maarufu wa televisheni, mrembo wa kupigiwa mfano, akili ilimruka. Alihofu kwamba majaji hawangevutiwa na uso wa fundi cherehani. Akamwambia dada yake mbele ya kikundi kizima kwamba nafasi ya mjane ni ya yule nyota, naye safari hii ashughulike na mavazi tu. Dada aliuliza vipimo vya huyo mgeni.

Nyota yule alikuja mazoezini alipojisikia, na simu haikumtoka mkononi. Juma walilotarajiwa majaji, alipata kazi ya tangazo la sabuni, akaenda zake bila hata kuaga. Mwongozaji alihaha kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe alikwenda kwa dada yake, akamkuta anapiga pasi.

"Dada, nimekosa. Rudi uniokoe."

Dada aliisimamisha pasi. "Nimeshakusamehe, mdogo wangu. Lakini kuna kikundi kingine kiliniomba, nikawapa neno langu. Nikiwaacha leo, nitawatenda kama ulivyonitenda."

Majaji walikuta ukumbi wa mabati umefungwa. Siku ya tuzo, mwongozaji aliketi nyuma kabisa, akamsikia dada yake akitangazwa mwigizaji bora. Alipopanda kupokea, dada alimshukuru kwanza mdogo wake, "aliyeniamini kabla ya watu wote." Watu walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa, maana shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Hadi leo wanatembeleana, wanakula na kutaniana kama ndugu. Jukwaani tu ndiko hawajasimama tena pamoja, naye mwongozaji kila akimtazama mtu mwingine akiigiza mjane yule, hujiambia kimoyomoyo: usiache mbachao kwa msala upitao.