Kirukanjia Alivyomhamisha Paka Kibonge

Nianze?
— Anza.
Nikianza sisimami.
— Na sisi tumeshakaa.

Basi aliyekaa vibaya ajinyooshe, maana ngano hii hakuna anayeijua kunizidi mimi. Wapo wanaoisimulia, lakini wanaisimulia kama wanasoma bei za sukari.

Palikuwa na paka akiitwa Kibonge. Mkubwa, mnene, mlafi. Akimaliza chake anakula cha kuku, akimaliza cha kuku anakaa mbele ya sahani ya bwana wake, Mzee Vuai, anamkodolea macho mpaka mzee anaona haya kumeza. Na ndani ya ukuta wa nyumba hiyohiyo alikaa Kirukanjia, na mkewe, na watoto wao. Kirukanjia mnamjua: mdogo kama kidole gumba, pua ndefu, na harufu yake inafika kabla yake. Paka hamli. Anampiga kofi tu, pa, kisha anakwenda kufuta mkono.

Kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani?"

"Mimi jirani."

"Nimeshakunusa. Potea."

Pa. Kirukanjia anapotea, kesho anarudi.

Siku moja Bi Mashavu, mke wa Mzee Vuai, akaanza kufungasha. Sufuria ndani ya gunia, kwaa, kwaa. Mkeka ukakunjwa, krrr. Kabati likaburutwa, gruuu. Kibonge akienda kulala hapa, pameondolewa. Akienda kulala pale, pameondolewa. Akaacha kula. Mlafi yule, akaacha kula. Kisha akalikojolea godoro.

"Kibonge mwanangu, godoro nimelianika leo hii," akasema Bi Mashavu.

"Mwache," akasema Mzee Vuai. "Paka ni wa nyumba, si wa mtu. Hahamishiki."

"Na nyumba yenyewe si inabomolewa?"

"Basi aingie mwenyewe kwenye tenga la kuku. Siku ya kuhama akiwa tengani, tunaye. Akiwa juu ya paa, mimi sipandi."

Kirukanjia akayasikia haya huko ukutani, mkia ukamsimama. Nyumba inabomolewa, na nyumba mpya iko ng'ambo ya barabara kuu. Na nyote mnajua kirukanjia havuki njia. Akivuka anafia katikati. Babu yake alijaribu, ami yake alijaribu, wote wamelala palepale. Akibaki, ukuta unamwangukia yeye na wanawe. Akivuka kwa miguu, ndiyo basi. Lazima abebwe.

Abebwe ndani ya nini? Kila kikapu Bi Mashavu alikikung'uta kabla ya kukifunga, kung'u, kung'u, kung'u. Chombo kimoja tu asingekikung'uta: lile tenga la kubebea kuku, kama mna paka ndani. Lakini Kibonge akiliona tenga tu, anavimba kama andazi.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani?"

"Mimi jirani. Nimekuja kukuomba usilisogelee tenga lile. Ni la jogoo."

"Jogoo gani?"

"Jogoo wa Bi Mashavu. Ndiye anayehama. Ona, kawekewa na dagaa."

Kweli, kando ya tenga palikuwa na dagaa mmoja. Nani aliyemweka? Sisemi, ila huko jikoni kulikuwa kunanuka kirukanjia. Kibonge akamla yule dagaa, akakimbia.

Kesho yake dagaa alikuwa mdomoni mwa tenga. "Usimguse, Bwana Mkubwa." Akamgusa, nyaku. Keshokutwa yake dagaa alikuwa ndani kabisa. "Usiingie, Bwana Mkubwa." Akaingia. Akala. Akabaki humo akijilamba, amwone huyo jogoo wa kumtoa.

"Haya, umeshinda," akasema Kirukanjia. "Ila lile tambara lako la kulalia usilitie humo. Litanuka paka, jogoo wa watu hatapata usingizi."

Kibonge akaenda akaliburuta tambara lake, srrr, akalitandika tengani, akalala juu yake mpaka jioni. Bi Mashavu alipomkuta humo hakumgusa, maana alikuwa mwanamke mwenye akili. Akarudisha kifuniko kidogo, akakifunua, akampa dagaa. Siku iliyofuata akakirudisha zaidi kidogo.

"Bwana Mkubwa," Kirukanjia akanong'ona, "kifuniko kile kikifungwa chote utaogopa."

"Niogope mimi?"

"Usikasirike. Nimesema tu."

Siku ya kuhama kifuniko kilifungwa chote, na Kibonge akatazama mbele kama kadhi. Hakusikia chini ya tambara lake pakipita kitu. Kirukanjia mbele, mkewe nyuma kamuuma mkia, mtoto kamuuma mama mkia, na mtoto, na mtoto, mstari mmoja mpaka wa mwisho, wakapenya tundu za tenga, titi, titi, titi.

Mzee Vuai akalibeba tenga kichwani. Wakafika barabarani. Lori likapita, vuuum. Kibonge akalia, nyaaau. Chini yake Kirukanjia akafumba macho, akasubiri kufa. Akasubiri. Alipofumbua, walikuwa ng'ambo.

Sasa msiondoke, hapa ndipo wenzangu wanapoishia, kwa sababu hawajui.

Nyumba mpya ilinuka chokaa. Ukuta chokaa, sakafu saruji, mlango rangi. Kibonge alipofunguliwa akakimbilia uvunguni mwa kitanda. Akaletewa dagaa, hakula. Akaletewa maziwa, hakunywa. Alitetemeka, macho dirishani. Nyumbani ni kule, ng'ambo, na malori yanapita, vuuum, vuuum.

"Akitoka ataturudia maiti," akasema Bi Mashavu, akafunga dirisha. Lakini lile la jikoni halikuwa na mbao bado.

Kibonge akanyata mpaka jikoni. Akaruka juu ya dirisha. Mguu mmoja nje.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

Mguu ukasimama. "Nani?"

"Mimi jirani."

Kibonge akageuza pua. Akanusa. Akanusa tena. Ule uvundo aliokuwa akiufukuza kila asubuhi ya maisha yake, ukaingia puani ukashuka mpaka tumboni. Ukuta wa zamani ulikuwa humo, na jiko la zamani, na asubuhi zote.

Akashuka dirishani. Akamwendea Kirukanjia, akainua mkono.

Pa. Lakini polepole.

"Umenitumia kuvuka," akasema.

"Nimekutumia."

"Nilijua tangu mwanzo."

Hakujua. Ila paka hajawahi kukubali kwamba hakujua jambo.

"Na yule jogoo?"

"Alighairi."

Kibonge akaenda kwenye sahani yake akala dagaa wote, mlafi yule. Wote isipokuwa mmoja. Huyo akamsukuma kwa pua mpaka kwenye ufa wa ukuta, akalala hapo, mgongo umeuziba mlango, ananusa.

Sasa funzo, watoto. Funzo la ngano hii ni kwamba kuoga kunaharibu ujirani. Mama zenu wakiwaita bafuni leo, waambieni mtu mzima mwenye akili zake amewakataza. Jina langu msilitaje.

Nimemaliza?
— Umemaliza.
Imekolea?
— Imekolea.
Basi iliyobaki kombeni na sufuria.