Dawa Iliyokatazwa na Nesi Nungunungu

Hapo zamani za kale, zamani ile nyani akivaa koti na viboko wakiishi nyumba zenye milango na vitasa, palikuwa na mto. Sogeeni basi! Na wewe mwenye matope, toa miguu kwenye mkeka wangu. Mimi nasimulia huku nachambua mbaazi, na atakayenikatiza namkabidhi sinia, achambue yeye.

Kando ya mto huo waliishi Mzee Kiboko, mkewe Bi Kiboko, na mtoto wao Bumunda. Mtoto wa pekee! Walimngoja miaka saba. Jirani yao alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Kimo chake kama sufuria ya uji, lakini akili, lo!

Pimbi hakujua kuogelea. Kwa hiyo kila asubuhi Bumunda alimbeba mgongoni, chubwi, wakavuka kwenda kula makuyu ng'ambo. Pimbi aliimba, Bumunda alimrushia maji puani. Walipendana hao, usiseme.

Basi mwaka mmoja mvua ikapiga, ikazoa uchafu wote wa porini ikautia mtoni. Bumunda akanywa. Kulipokucha, tumbo kuru, kuru, kuru! Akaanza kuendesha, mbio nje, mbio ndani, mbio nje.

Nyie mnacheka? Tumbo la kuendesha linaua. Nyamazeni.

Sasa mtaniuliza, hapakuwa na zahanati? Ilikuwepo! Pale pale juu ya kilima, mlango wazi, na ndani Nesi Nungunungu na dawa zake. Pimbi akawaambia, "Jamani, si mumpeleke mtoto zahanati?"

"Zahanati?" Bi Kiboko akaruka. "Sikanyagi! Mwaka jana nilikwenda na jino langu. Nikakaa foleni tangu alfajiri. Yule binti, ninayeweza kumzaa mimi, hata shikamoo hakunipa! Akanitazama kutoka juu mpaka chini, mbele ya watu, akasema, 'Mwili wote huo na kupiga mswaki hujui?' Swala wakacheka mpaka wakagaragara. Nikarudi na jino langu."

"Na ule mgongo wake!" akadakia Mzee Kiboko. "Sindano tupu! Mtu mwema gani anatembea na sindano mia mbili mgongoni? Nasikia akikuchoma anakutoa damu, anampelekea simba."

"Umesikia kwa nani?" Pimbi akauliza.

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Ala! Watu!"

Wakiwa katika kubishana, hodi! Akaingia Nyani, koti refu, mkoba umejaa magome ya miti. Alijiita Daktari Bingwa. Nani alimpa ubingwa? Mwenyewe.

Lakini kusema alijua, tena sana. "Shikamoo mama yangu! Shikamoo baba! Poleni na mgonjwa. Mama, umelala kweli wewe? Umekula? Kaa hapa, niambie yote, sina haraka."

Bi Kiboko akaangua kilio. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amelala.

Nyani akambonyeza Bumunda tumbo, akafumba macho, mh, mh, mh. "Mtoto anatoa nini?"

"Maji, daktari."

"Basi ugonjwa ni maji! Yanaingia, yanatoka. Dawa yake ni kuziba. Asipewe hata tone siku tatu. Na hili gome mpakeni kisogoni."

"Umeona?" Mzee Kiboko akamwambia Pimbi. "Huyu ndiye daktari!" Nyani akaondoka na kikapu kizima cha maboga.

Siku ya pili asubuhi Pimbi akaja kumchukua mwenzake, pengine amepata nafuu. Lo! Macho ya Bumunda yamezama. Ulimi mkavu kau. Analia lakini machozi hayatoki.

"Mama, maji," anasema. "Maji kidogo tu." Mama kageukia ukutani.

"Pimbi," Bumunda akanong'ona, "leo sikubebi."

Pimbi kusikia hivyo, paa! Akatoka mbio, huyoo kilimani, zahanati!

Nesi Nungunungu alikuwa anaandika kwenye daftari lake kubwa. Hakuinua kichwa. "Foleni."

"Nesi, hakuna mtu mwingine. Foleni ni mimi peke yangu."

"Basi kaa nyuma yako mwenyewe."

"Nesi, Bumunda anakufa! Anaendesha, na wamemnyima maji!"

Kalamu ikaanguka. Nesi akasimama, miiba yote tisti. "Wamemnyima maji? Toba! Wanamuua mtoto! Maji ndiyo anayoyapoteza, maji ndiyo ya kumrudishia! Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Chumvi nusu kijiko kidogo. Sukari vijiko vidogo sita, vya kufuta juu, visizidi. Anywe kidogo kidogo, asigugumie. Akikojoa tu, jua amerudi."

"Twende ukawaambie."

Nesi akaketi, pu. "Jana nilisikia mtoto anaumwa, nikaenda. Mzee Kiboko akanifungulia mdomo. Niliona meno yote mpaka ya mwisho, Pimbi. Hawanitaki." Akajipangusa macho. Ndiyo, hata wakali wanalia.

Pimbi akajikuna kichwa. Akajikuna tena. Kisha akaruka juu ya meza! "Nesi! Wewe unajua kufoka?"

"Uliza mto mzima."

"Basi lete sikio." Pimbi akanong'ona, pss, pss, pss.

"Ebo!" Nesi akatoa macho. "Nimesoma miaka mitatu nije kupiga marufuku dawa yangu mwenyewe?"

"Unataka wakuamini leo, au unataka mtoto apone leo?"

Nesi akainuka. Halafu akafungua kabati, akatoa kopo la sukari, pakiti ya chumvi, na kijiko kidogo cha mpini mwekundu. "Nitakuja alasiri," akasema. "Chunga vipimo!"

Pimbi akatafuta kibuyu kikuukuu kinachoingia lita moja kamili, akakipaka masizi, akakifunga unyoya wa kuku. Sukari akaifunga kwenye jani, chumvi kwenye jani lingine. Akanyata mpaka kwa kina Kiboko.

"Sss! Fungeni mlango! Fungeni dirisha!"

"Kuna nini?"

"Nimeleta dawa ya mafichoni. Ilikuwa pangoni kwetu tangu enzi za babu wa babu. Lakini jamani, siri! Zahanati hawaitaki kabisa dawa hii."

Vile visikio vya Mzee Kiboko vikasimama. "Hawaitaki?"

"Hata kuisikia! Wakijua mnayo, tumekwisha."

"Ilete hapa!" Mzee Kiboko akasema kabla hajaiona.

"Haraka ya nini? Dawa hii ina wivu. Ikiguswa na mkono mchafu, inasusa. Naweni kwa majivu, mpaka kwenye kucha!" Wakanawa. "Sasa chemsheni maji, mhesabu mapovu yake, bugubugu mia moja. Mkikosea, mnaanza upya."

Bugubugu moja, bugubugu mbili... Walipofika sitini Mzee Kiboko akapiga chafya, puaaa! Wakaanza upya. Pimbi anaruka ruka kwa wasiwasi, maana Bumunda hata kulia ameacha.

Maji yakachemka, wakayapepea kwa majani ya mgomba yakapoa, wakayamimina kibuyuni. "Unga mweupe nusu kijiko. Unga mtamu vijiko sita, futa juu! Mkizidisha, dawa inageuka sumu. Haya. Kijiko kimoja mdomoni, kisha ubeti mmoja wa wimbo. Kijiko, ubeti. Asiye na wimbo asiguse kijiko."

Mzee Kiboko akanusa kibuyu. "Mbona kama maji?"

Na hapo hapo, mlango kwaa! Nyani. "Nani anampa mtoto maji? Nilisema azibwe! Huyo mfupi anataka kumuua mwanao, mama!"

Bi Kiboko akasita. Kijiko kilikuwa karibu na mdomo wa mtoto, kikarudi chini. Bumunda akafumba macho. Pimbi akachungulia njiani. Nesi yuko wapi? Njoo, Nesi, njoo, tunachelewa!

"MARUFUKUUU!"

Huyo! Anashuka kilima, miiba imesimama, chwa, chwa, chwa, vumbi nyuma. "Nani kaleta dawa ya mafichoni? Imwageni! Naiandika kwenye daftari! Mkimpa mtoto hiyo dawa mtanitambua mimi ni nani!"

Mzee Kiboko akacheka mpaka nyumba ikatikisika. "Ahaa! Wameogopa! Hii ni dawa kweli! Mke wangu, mnyweshe!" Akauziba mlango kwa mwili wake, ndi! Nesi kabaki nje. Nyani kabanwa nyuma ya mlango, pua tu inaonekana.

Kijiko.

"Shuka polepole, shuka, Bumunda atainuka!"

Kijiko.

"Shuka polepole, shuka, Bumunda atainuka!"

Kibuyu kikaisha, wakachanganya kingine kwa vipimo vile vile. Kikaisha, kingine. Kiboko ni kiboko. Nje Nesi anafoka, anachoka, anaweka jicho kwenye tundu la kitasa, anaona mtoto anameza, anafoka tena kwa nguvu mpya.

Jua likiwa linainama, mle ndani ikasikika: shwaaaaa!

"Nini hicho?" Mzee Kiboko akashtuka, miguu imelowa.

"Amekojoa!" Bi Kiboko akapiga kigelegele. "Mwanangu amekojooooa!"

"Asante Mungu!" sauti ikalia nje ya mlango.

"Nani huyo?"

"Mar... marufuku!"

Bumunda akafumbua macho, akamwona Pimbi, akasema, "Kesho nakubeba." Pimbi akajificha nyuma ya kibuyu alie kidogo, maana hakutaka waone.

Basi habari ikaenea mbio! Mto mzima unataka dawa iliyokatazwa. Swala wananawa kwa majivu, nguruwe wanahesabu bugubugu, na Nesi anapita nyumba kwa nyumba akipiga marufuku mpaka sauti ikamkauka. Hakuna tena aliyekufa kwa tumbo.

Na maboga? Hakuna aliyempelekea Nyani hata moja. Akaona wivu. Akamvizia Pimbi, na siku ya saba akamwona anatoka mlango wa nyuma wa zahanati, kopo kwapani, kijiko mkononi.

"Njooni! Njooni nyote!" akapiga kelele mtoni, akikipeperusha kile kijiko alichomnyang'anya. "Mmefanywa wajinga! Mnaujua huu mpini mwekundu? Ni kijiko cha zahanati! Dawa yenu ya mafichoni ni chumvi na sukari ya Nungunungu!"

Wote wakamgeukia Pimbi.

Bi Kiboko akatoka majini polepole, maji yanamchuruzika. Akamwinamia Pimbi, mdomo wazi, pimbi kumi wangeingia humo. "Kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungempa?"

Bi Kiboko akafumba mdomo. Akageuka, akaanza kupanda kilima, na mto mzima nyuma yake. Nesi akatoka nje, akamwona anakuja, akasimama mlangoni.

"Wewe binti," Bi Kiboko akasema, anahema. "Wiki hii yote umenidanganya."

"Ndiyo."

"Mwaka jana uliniambia ukweli."

"Ndiyo."

"Ule ukweli wako, na namna ulivyousema, ndio ulionipeleka kwa Nyani. Nusura nimzike mwanangu."

Nesi akaulaza mgongo, mwiba mmoja mmoja, mpaka yote ikalala. Akakunja magoti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, Mama Bumunda. Nilikosea. Nisamehe."

Bi Kiboko akamtazama. Akamtazama tena. Machozi yakamlenga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, inuka unitazame hili jino. Linaniuma tangu mwaka jana!"

Wee! Vifijo, vigelegele! Bumunda akamrusha Pimbi juu akamdaka, akamrusha, akamdaka. Siku hiyo foleni ilishuka kilima mpaka mtoni, na kila aliyefika mezani aliulizwa kwanza, "Umeamkaje?"

Foleni ilipokwisha, nani kajitokeza nyuma ya mti, koti kalishika tumboni? Nyani! Kuru, kuru, kuru! Alikuwa hanawi huyo, wala hachemshi.

"Pimbi," akanong'ona, "ile iliyokatazwa bado ipo?"

"Ipo. Kaa foleni."

"Mbona hakuna mtu mwingine?"

"Basi kaa nyuma yako mwenyewe."

"Pimbi!" Nesi akaita kutoka ndani. "Hebu msalimie mgonjwa kwanza, halafu mlete huku, na kibuyu kijae."

Mbaazi zangu zimekwisha, na mimi nanyamaza hapo. Nendeni mkanawe, ila shikeni hili moja: usimwamini mtu kwa kuwa anakubembeleza tu, na wewe ukiwa na dawa ya kweli, usimpe mtu pamoja na matusi.