Fisi Achimba Kaburi la Diwani

Paukwa!

Itikieni kwa sauti, sina nguvu ya kurudia. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwamba, mwambani pakawa nyumba, nyumbani pakawa bibi, na bibi akajaliwa wajukuu mpaka akakosa pa kukaa.

Bibi huyo alikuwa Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana mkia, anaishi kwenye nyufa za mawe. Wajukuu wake waliletwa likizo. Likizo ikaisha, wao hawakuisha. Asubuhi wakiamka, njaa. Mchana, njaa. Jioni wakirudi kucheza, vumbi na njaa. Mkubwa aliitwa Sikujua, mdogo aliitwa Mashavu, na katikati walikuwamo wengine ambao Bibi aliwaita "wewe," kwa sababu majina yalikuwa yanamponyoka.

Kana kwamba hao hawatoshi, watoto wakaokota kifaranga cha kanga, yule ndege wa madoa, wakamleta nyumbani. Wakamwita Diwani, kwa sababu alitembea tumbo mbele na hakufanya kazi yoyote.

"Nani atamlisha?" Bibi akauliza.

"Sisi!"

"Nani atafagia mavi yake?"

Wakatoka mbio kucheza.

Bibi akafagia.

Sasa, jirani na mwamba ule aliishi Fisi. Ukoo wa Fisi na ukoo wa Pimbi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Na utani mnajua ulivyo. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua chako, unacheka. Ukinuna mbele za watu, utani umeuvunja mwenyewe. Bibi Pimbi hakuwahi kuchukua kitu kwa Fisi. Angechukua nini, mifupa? Lakini Fisi hakukosa kuja.

"Hodi, mtani!" Na alikuwa ameshaingia.

Akaona viazi. Gubu! Viazi kwisha.

"Usinune, mtani. Utani tu! Hii-hii-hii!"

Kesho yake: "Hodi, mtani!" Na alikuwa ameshaingia. Akaona uji wa watoto. Fyuuu! Uji kwisha, na mwiko akaulamba.

"Usinune, mtani. Utani tu! Hii-hii-hii!"

Kesho yake tena: "Hodi, mtani!" Akatazama huku, akatazama kule, hakuona chungu chenye kitu. Akamwona Diwani anaparura uani. Paru, paru, paru.

"Na huyu mnono?"

"Huyo ni wa watoto," Bibi akasema.

"Watoto wameshamchezea vya kutosha. Kesho nakuja na chumvi. Usinune, mtani. Utani tu!"

Akaondoka anacheka, na nyuma yake nyumba nzima ikalipuka. Yuuuwi! Sikujua analia, Mashavu analia, wale wa katikati wanalia. Diwani naye, asiyejua lolote, akaanza: kekekeke!

"Bibi, mfukuze!"

"Nimfukuze na kimo hiki? Tena ni mtani."

"Bibi, fanya kitu!"

"Nyamazeni nifikiri."

"Bibi, Diwani ana kiu."

"Mpe maji."

"Bibi, Mashavu kayanywa maji ya Diwani."

"Mpe mengine."

"Bibi, kanya kwenye mkeka."

"Nani, Diwani au Mashavu?"

"Wote."

Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani! Mnanililia hapa utadhani kuna msiba!" Akaachia kichwa. "Msiba," akasema taratibu. "Sikujua, niletee kile chungu kikubwa."

Asubuhi Bibi akamfunika Diwani kwa chungu, akaacha upenyo wa hewa, akakalia chungu. "Haya, Diwani amekufa. Lieni."

Watoto wakaangaliana. Wakaanza kucheka.

"Siku zote mnalia bure! Leo nawaomba kwa adabu mlie, mnacheka!" Akamfinya Mashavu. Mashavu akatoa yowe. Sikujua akaona Mashavu analia, naye akalia. Wale wa katikati wakafuata, na majirani wakasikia. Mzee Kobe akaja na ukuni mmoja. Mama Digidigi akaja mbio, mikono ina unga.

"Hodi, mtani!" Fisi ameshaingia, chumvi mkononi. "Mbona kelele?"

"Tumefiwa, mtani. Diwani hatunaye."

Fisi akameza mate. "Pole sana. Basi nipeni mwili, nikausitiri mwenyewe."

"Ukausitiri tumboni? Kwenye msiba mtani anachimba kaburi. Anateka maji. Anabeba wafiwa. Au wewe ni mtani wa viazi tu? Mzee Kobe, yupo mtani wa viazi tu?"

"Hayupo," akasema Mzee Kobe. "Asiyechimba si mtani."

Fisi akawaza: nikichimba, watafukia; wakifukia, nitafukua. Akatupa chumvi, akatemea mate makucha. "Nichimbe wapi?"

"Hapa, chini ya jiwe kubwa."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo ukaruka. "Tayari?"

"Ongeza kidogo. Marehemu alipenda kunyoosha miguu."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! "Tayari?"

"Ongeza upande huo. Marehemu alikuwa mtu wa wageni."

Kwaru! Kwaru! "Tayari?"

"Toboa na dirisha."

"Dirisha kwenye kaburi?"

"Marehemu hakupenda joto."

Chungu kikasikika: paru, paru, paru. Fisi akainua masikio. "Nini hicho?"

"Tumbo langu," Bibi akasema. "Uji wa juzi uliunywa wewe."

Fisi akatoboa dirisha. Akateka maji, akarudi. Akaambiwa wafiwa hawatembei, akawabeba watoto mgongoni kuwazungusha mwamba mzima, na mmoja wa wale wa katikati akamkojolea. Jua likapanda, Fisi akawa vumbi mpaka kwenye nyusi, ulimi nje.

"Mtani," akahema, "sasa mzikeni. Nawaomba."

"Sasa tumzike," Bibi akasema, akanyanyuka kwenye chungu na kukifunua.

Kekekeke! Diwani akatoka, akajikung'uta, akapita tumbo mbele katikati ya waombolezaji, akaingia kwenye lile shimo na kunya katikati ya sakafu mpya.

Fisi akamtazama Diwani. Akamtazama Bibi.

"Usinune, mtani," Bibi akasema. "Utani tu."

Mzee Kobe alicheka mpaka kichwa kikarudi ndani ya gamba. Mama Digidigi alisema yeye ameacha maharage motoni kwa ajili ya upuuzi huu, halafu naye akacheka.

"Mnacheka?" Fisi akanguruma. "Kucha zimekatika! Mgongo umelowa! Mnacheka?"

"Jamani, mtani ananuna?" Mama Digidigi akauliza.

"Nanuna, ndiyo! Kuanzia leo sina utani na nyumba hii! Sina, sina, sina!"

Bibi akamgeukia Mzee Kobe.

"Mzee Kobe, umesikia?"

Kichwa kikatoka kwenye gamba. "Nimesikia. Ameuvunja mwenyewe."

"Basi, bwana Fisi," Bibi akasema, "kama si mtani, wewe ni mgeni. Mgeni anapiga hodi, anangoja nje. Na mgeni akichukua kitu bila kupewa ni mwizi, na mwizi anapigiwa yowe na mwamba mzima. Hawa wajukuu wangu umewasikia wanavyopiga."

Fisi akatoka nje ya ua. Kutoka siku hiyo, akipita karibu na mwamba anatazama upande mwingine kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea.

Bibi Pimbi akafagia lile shimo, sasa chumba. Kipana, kina dirisha, kina ubaridi. Akatandika mkeka, akajinyoosha, akafumba macho.

"Hodi, mama!"

Alikuwa mwanawe wa pili, yule wa mlima wa pili, na nyuma yake safu ya watoto wenye vifurushi. "Tumesikia umepata chumba!"

Ngano yangu naitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia akaoshe vyombo.

Nayo inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba kudanganya ni vibaya, hasa msibani. Tena ndege afugwe na anayefagia. Na mtu akikuchimbia chumba, ukishamshukuru Mungu kimoyomoyo, usimwambie hata mtoto wako mwenyewe.