Jambia Lililopewa Kitanda

Hapo zamani, katika mji ambao majambia yake yote yalikuwa na pindo moja tu, palikuwa na Sultani aitwaye Zubeiri. Siku moja akafika mjumbe wa mfalme wa Jawa na zawadi: jambia la sherehe, ubapa wake umepindapinda kama nyoka anayeogelea, na mpini wa mti mweusi.

Sultani akamwuliza Waziri Jabiri, "Lina thamani gani?"

Waziri hakuwahi kuona jambia la namna ile, wala hakupenda kusema hajui. Akalitazama kwa jicho moja, akasema, "Dinari kumi, Bwana wangu, nazo ni baada ya kulinyoosha kwa nyundo. Bila shaka mhunzi alikuwa amelewa."

Mjumbe akahamaki. "Yarabi! Mapindo hayo yamehesabiwa, ni kumi na tatu, wala kwetu hayawi shufwa kamwe. Tena kwetu jambia la namna hii huhesabiwa kuwa ndiye mwenye nalo hasa. Bwana harusi asipoweza kufika, hupeleka jambia lake, likawekwa kitini, na bibi harusi akaozwa mbele yake."

Sultani akafurahi mno. "Basi sikieni nyote! Tangu leo jambia hili ni mimi. Lilipo, nipo."

Pale barazani alikuwapo Vuai, fukara mwenye kanzu moja na maneno mengi. Akacheka. Waziri, aliyekuwa akitafuta pa kuitupa aibu yake, akasema, "Anayecheka ndiye ajuaye. Basi na alitie bei yeye! Akikosea kwa dinari moja, juu au chini, kibanda chake kiwe zizi la punda wangu."

Sultani alipenda mchezo, akaridhia, akampa siku tatu.

Basi Vuai akalibeba jambia hadi kwake. Kibanda kile ndicho kitu pekee walichokuwa nacho yeye na mkewe, Bi Mize.

"Umeleta nini tena, mume wangu?"

"Sultani. Mpishe kitanda."

"Na sisi tulale wapi?"

"Chini, kama raia wema."

Kisha akapeleka habari jikoni kwa Sultani: "Bwana wetu yuko kwangu, na ana njaa." Mpishi alikwisha kusikia amri, akaogopa kubisha, akaleta sinia la pilau na kuku wawili. Aliporudi akalikuta sinia tupu, linang'aa.

"Amekula yote?"

"Ameonja," akajibu Vuai akijipangusa midomo, "akaturuzuku mabaki."

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya pili akamwita Waziri. "Bwana wetu anaona joto."

"Mimi nipepee kisu?"

"Sema kwa nguvu, Waziri, apate kusikia vizuri."

Waziri akashika kipepeo, akapepea tangu asubuhi hata adhuhuri, na Bi Mize akaketi upande ule kipepeo kilikokuwa kikipuliza.

Siku ya tatu baraza likajaa. Sultani akasema, "Haya, Vuai. Thamani yake?"

Vuai akaliweka jambia juu ya mto, akainama. "Bwana wangu, ulisema jambia hili ni wewe. Mimi fukara nitapata wapi ulimi wa kumtia bei Sultani? Lakini Waziri alikwisha kukutia bei."

"Kiasi gani?"

"Dinari kumi. Nazo ni baada ya kukunyoosha kwa nyundo."

Waziri akawa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba anavihesabu. Sultani akajaribu kukasirika, ndevu zikaanza kumtetemeka, mwisho akacheka hata kilemba kikamdondoka.

"Kibanda ni chako," akasema akifuta machozi, "na punda wa Waziri ni wako pia. Lakini niambie kweli, Vuai, wewe unaonaje? Lina thamani gani?"

"Mpaka sasa, Bwana wangu, ni pilau ya siku tatu. Ukiniachia hadi Ijumaa, huenda bei ikapanda."

Sultani akamwachia. Nasi tuliopita njia ile siku ya Alhamisi tulimwona Waziri mlangoni kwa Vuai na kipepeo mkononi, safari hii bila kuitwa, na Bi Mize amehama kidogo, kwa kuwa alianza kuona baridi.