Bingwa Huondoka na Bao

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Inakuja. Imebeba mkeka kwapani, inatafuta pa kulala.

— Ilale kwetu!

Wepesi wa kukaribisha, hamjambo. Jikoni mna nini?

— Tuna masikio!

Haya, yategeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ukae au utoke, usinizibie upepo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na Jumamosi na Jumapili kama sisi, aliondokea Pimbi. Pimbi mnamjua: hana mkia, hana pembe, hana kimo. Alikuwa na mke, watoto, pango la mawe mlimani, na bao. Bao lenyewe la mninga, alilichonga babu yake, na kete zake ni komwe zilizong'aa kwa kushikwashikwa. Kwingine hakukuwa na bao. Na desturi yao ilikuwa hii: palipo bao ndipo penye wageni. Mwenye bao hupika, wageni hucheza.

Basi kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, marafiki walipanda mlima kwa Pimbi wakacheza wikendi nzima. Kobe alikuja, akawa mwamuzi, maana hana haraka ya kwenda popote. Nungunungu alikuja, akakaa peke yake kwenye jamvi, nadhani mnajua kwa nini. Walicheza ta, ta, ta, ta, wakataniana, wakanywa uji wa mtama, Jumapili jioni wakashuka. Ilikuwa raha tupu, mpaka Kiboko aliposikia.

Hakualikwa. Kiboko haalikwi, Kiboko hufika. Alipanda mlima puuu, puuu, na mgongoni amembeba Yangeyange, yule ndege mweupe. Unyayo wa Kiboko hauingii katika shimo la bao, kwa hiyo Yangeyange ndiye aliyemchezea kete. Na kazi yake ya pili ilikuwa kusifu.

"Bwana Mkubwa amefikiri!" anasema Yangeyange.

Kiboko hajafikiri. Anatafuna. Kafu, kafu, kafu, sufuria la uji limekwisha. Kafu, kafu, kafu, kapu la karanga limekwisha. Akikaribia kufungwa, anavuta pumzi, halafu: puuuu! Kete zinaruka, nyingine miibani mwa Nungunungu, nyingine kwenye uji.

"Zimemwagika," anasema Kiboko. "Kete zikimwagika, mchezo unarudiwa, na wageni wanaongezwa chakula. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?" Nungunungu aliuliza.

"Ya Bwana Mkubwa," akasema Yangeyange. "Ameifikiri sasa hivi."

Wikendi ikafika Jumatano. Mwaka wa kwanza hivyo, mwaka wa pili hivyo. Masika ilipoingia ghala la Pimbi lilikuwa vumbi, watoto wakaguguna magome ya miti. Kitindamimba wake, Kokoto, miguu ikamkonda akawa hawezi kuruka jiwe kwa jiwe. Kwa pimbi, kutoruka ni msiba.

Mwaka wa tatu, mavuno yalipoingia, Mama Kokoto alisimama mlangoni mwa ghala.

"Mume wangu, mwaka huu Kiboko atakula watoto wenyewe?"

"Nimfukuze mgeni?"

"Sijasema umfukuze. Mimi nimeuliza watoto watakula nini."

Pimbi aliona aibu, akaenda kukaa na bao la babu yake mapajani. Alilipangusa vumbi, akalitazama, akalipangusa tena. Halafu akaenda kusema na Kobe na Nungunungu, na waliposikia walicheka mpaka Nungunungu akadondosha miiba miwili.

Kiboko akaja. Kafu, kafu, kafu. Jumamosi asubuhi Pimbi akasimama juu ya jiwe.

"Wenzangu, mchezo bila tuzo ni kama mchuzi bila chumvi. Mwaka huu bingwa huondoka na bao."

Kiboko akaacha kutafuna. "Na kete zake?"

"Na kete zake."

"Kwangu moja kwa moja?"

"Mpaka atokee wa kukufunga, Mzee wangu. Lakini nani huyo?"

Basi wakacheza. Nungunungu akafungwa, akasema, "Hapa nimepatikana." Pimbi akafungwa, akasema, "Hapa nimekwisha." Kobe akaombwa acheze naye, akafungwa taratibu. Jumamosi jioni Kiboko alikuwa bingwa, bila kupuliza hata mara moja. Alishuka mlima na bao kinywani, na Yangeyange akipiga kelele, "Amefikiri! Amefikiri!"

Kokoto alilia. "Baba, lile bao la babu."

"Lia, mwanangu," akasema Pimbi, na yeye moyo ulikuwa unamuuma kweli. "Ila lia huku unakula."

Mwaka ule masika iliingia na ghala lina mtama. Kokoto akaruka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mama yake akawa anamkemea asivunje shingo, na anatabasamu.

Mavuno mengine yakaja. Kiboko alikuwa na bustani ya viazi vitamu ukingoni mwa mto, inayonenepa kuliko yeye. Ijumaa jioni akasikia hodi.

"Hodi hapa kwa bingwa!"

Alikuwa Pimbi, na mkewe, na watoto wote. Nyuma yake Nungunungu na mashemeji zake. Nyuma yao Kobe na wajukuu, walioanza safari wiki iliyopita.

"Mmefuata nini?" Kiboko akauliza.

"Bao," akasema Pimbi. "Palipo bao ndipo penye wageni. Viazi vinachimbwa upande gani?"

Wakala. Wenyewe wakaita tuta la kwanza kifungua kinywa. Jumamosi mchana nusu ya bustani ilikuwa ardhi tupu, na hapo ndipo Kiboko, kwa mara ya kwanza maishani, alipofikiri kweli. Akamnong'oneza Yangeyange: "Leo tufungwe. Bao lirudi mlimani."

Wakaketi, Kiboko na Pimbi. Ta, ta, ta, ta. Pimbi akaziacha kete zake wazi. Yangeyange akataka kuzipita.

"Ngoja," akasema Kobe mwamuzi. "Unaweza kula kete hizo, basi lazima ule. Katika bao, penye kula hapapitwi."

"Sitaki kula," akasema Kiboko.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani humo.

"Kula, Mzee," akasema Pimbi kwa upole. "Ndiyo sheria."

Akala. Ta, ta, ta, ta. Pimbi akaacha nyingine. Akala. Jasho likamtoka Kiboko kama amenyeshewa. Alijaribu kukosea, akakosea vizuri, akala tena. Kufungwa nako kunataka mazoezi, na wenzake walikuwa na mazoezi ya miaka mingi. Pimbi alipobakiwa na kete moja mbele, karibu kufungwa, Kiboko akavuta pumzi: puuuu! Kete zikaruka mtoni.

"Zimemwagika," akasema Pimbi. "Mchezo unarudiwa, na wageni wanaongezwa chakula. Mama Kokoto, tuta lile kubwa."

Wikendi ikafika Alhamisi. Kiazi cha mwisho kilipoliwa, Kiboko alikuwa bingwa tena.

"Ndugu yangu Pimbi," akasema, na sauti imemkauka, "chukua bao lako. Nakuomba."

"Mimi? Nimnyang'anye bingwa tuzo yake?" Pimbi akampakata Kokoto. "Watu watasema sikulelewa. Mwakani, Mzee wangu."

Yangeyange akatazama bustani, akatazama mgongo aliosimamia, akaruka hadi kwa Nyati aliyekuwa akila majani ng'ambo. "Bwana Mkubwa amefikiri!" akasikika akisema.

Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini, ametoa macho na masikio tu. Mnasema anapunga joto. Anatazama kama wageni wanakuja.

Funzo la hadithi, watoto wangu, ni heshima. Mkubwa akitaka kushinda, msibishane naye. Mwacheni ashinde, na mwakani mwende kwake mapema, na mashemeji.

Hadithi imekunja mkeka wake, inaaga.

— Ikae mpaka kesho!

Haikai. Imeuliza bao liko kwa nani, ikaambiwa si hapa.