Aliyeingia Nyuma ya Pandu

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Ndiyo kujibu huko? Mmejibu kama mna ugali mdomoni. Mimi nimekuja na sauti yangu yote, nyinyi mnanipa kipande? Paukwa!

— PAKAWA!

Naam. Sasa hata yule aliyesimama huko nyuma, ambaye sikumwona akiingia, amesikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi mmoja, Bi Mize. Adabu yake ilizidi mpaka ikawa kero. Akienda kwa jirani, hodi. Akienda bandani kuokota mayai, hodi, na kuku wasipojibu anarudi zake, analala bila kitoweo. Watu walimcheka. Hata mimi ningemcheka. Ngojeni.

Katika kijiji hicho alikuwapo Pandu, mwezekaji wa makuti. Mabega mapana, kicheko kikubwa. Pandu habishi hodi kwa mtu. "Paa lako nimelipanda mimi, makuti nimeyafunga mimi. Juu nimekutembelea bila hodi, leo nikubishie huku chini?" Anasukuma mlango, kwaa! Yumo ndani, anafunua chungu. Watu wakaona raha. Hodi ya nini, sote si ndugu? Kwaa, mmoja. Kwaa, wa pili. Kijiji kizima kikawa kwaa, kwaa, kwaa. Hodi ikabaki kwa Bi Mize na kuku wake.

Basi dada yake Pandu, Mwanakhamis, akajifungua mtoto wa kike. Siku ya sita, saa sita mchana, jua li utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, Pandu akaja kumwona mpwa wake. Kwaa! Akacheka, akamtekenya mtoto shavu, akamega muhogo, akatoka. Mlango akauacha wazi.

Kigoda kilichokuwa pembeni kikalia: kwi.

Kama mtu mzito amekikalia.

Hapakuwa na mtu.

Mtoto alikuwa akilia. Akanyamaza. Hakunyamaza kama aliyebembelezwa, alinyamaza kama aliyezibwa. Macho yake yakageukia kigoda, yakaganda hapo. Ziwa akalikataa. Jua likatua, hajanyonya. Kukapambazuka, hajanyonya.

Majirani wakaja. Na walivyoingia? Kwaa, kwaa.

"Toka, mshenzi we!" wakakipigia kigoda kelele.

Kwi. Miguu ya kigoda ikazama sakafuni kidole kimoja.

"Nenda zako, mlaanifu!"

Kwi. Kidole cha pili.

Akaitwa mganga na njuga zake, chaka, chaka, chaka. Akatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, mama mkwe wangu anasikiliza. Kwi, kwi, kwi! Kigoda kikazama miguu yote. Nyumba ikaingia baridi, mchana kweupe. Mganga akatorokea dirishani, na dirisha lilikuwa la kupitisha paka.

"Mwanangu anakufa," akasema Mwanakhamis. "Niitieni Bi Mize."

Bi Mize akaja, akasimama nje ya mlango.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

"Bibi, mlango si huo wazi?" akasema Pandu. "Ingia, mtoto anatutoka!"

"Mjukuu wangu, mlango kuwa wazi si kukaribishwa. Hodi!"

Ndipo mtoto wa siku saba, asiye na jino hata moja, akafungua kinywa. Ikatoka sauti nzito, kavu, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka.

"Karibu."

Watu? Uwanja ukabaki mweupe! Pandu naye alikwishageuka, ila Bi Mize alimwahi pindo la kikoi, na mtu hawezi kukimbia na kuacha kikoi nyuma.

"Ngoja hapa," akamwambia. Akaingia kwa mguu wa kulia, akakiinamia kigoda.

"Shikamoo."

"Marahaba," kikajibu kinywa cha mtoto. "Tangu nifike, wewe ndiye wa kwanza kuniamkia."

"Tuwie radhi. Utokako hawajambo?"

"Hawajambo. Natoka mahameni, nyuma ya mashamba, kwenye zile nyumba zilizoachwa. Mimi hukaa penye nyumba isiyo na mwenyewe."

"Hii ina mwenyewe."

"Ina? Jana nilimwona mtu akiingia bila hodi. Nikasema, kumbe hapa napo ni mahame. Nikaingia nyuma yake. Nimekosea wapi?"

Hakukosea. Na Bi Mize alilijua hilo.

Akatoka. "Pandu, nyumba ya dada yako umeifanya mahame. Bisha wewe, ajibu yeye mwenye nyumba. Wewe uliyeingia bila hodi, hodi zako ni tatu. Ya tatu ikijibiwa na mgeni, nyumba ni yake, na mtoto ni wake."

Hodi ya kwanza Pandu aliirusha kama anayerusha kuti juu ya paa. "Hodi!" Dada yake hajameza mate, jiwe la kusagia likajibu: "Karibu."

Ya pili akaitoa mbiombio. "Hodi, jamani!" Na sauti iliyojibu ilikuwa ya mama yao, aliyezikwa miaka mitatu nyuma.

"Karibu, baba. Ingia ule."

Mguu wa Pandu ukanyanyuka wenyewe. Bi Mize akautandika bakora, pwa!

Pandu akapiga magoti mchangani. Kicheko chote kilikuwa kimemwisha.

"Dada Mwanakhamis. Ni mimi, Pandu. Nimeingia kwako kama naingia gofuni. Nisamehe. Niko nje, na usiponitaka nitarudi. Hodi, Mwanakhamis."

Kinywa cha mtoto kikafunguka. Kikafumba. Hodi iliyomtaja mwenyewe, mgeni haijibu.

"Karibu, kaka," akasema Mwanakhamis.

Ngaa! Ngaa! Mtoto akalia, akalitafuta ziwa, akalikamata kama kupe.

"Kumbe wenyewe wapo," ikasema sauti, sasa inatoka juu ya kigoda. "Niwieni radhi. Naomba kuondoka."

"Mgeni hatoki bila kusindikizwa," akasema Bi Mize, akamtazama Pandu.

Pandu akasindikiza. Jua utosini, yeye peke yake njiani, na ubavuni mwake vishindo vya nyayo: tapu, tapu. Akauliza habari za shamba. Akauliza habari za wakwe. Mtu mzima anaiuliza hewa habari za wakwe! Na hewa ikamjibu: "Wazima."

Wakafika mahameni. Kuta zimesimama, mlango hauna ubao, ndani giza la mchana.

"Karibu ndani," ikasema sauti.

Pandu akajibu kama sote tunavyojibu: "Ahsante. Siku nyingine."

"Vyema. Nitakungoja."

Aliporudi, Bi Mize akamuuliza, "Alipokukaribisha, ulimwambia nini?" Pandu akamweleza.

"Ungesema ahsante, ukakomea hapo. Siku nyingine ni ahadi, mjukuu wangu. Haya. Lakini si leo."

Tangu hapo Pandu alibisha hodi kila mlango, hata wa kwake, akangoja mpaka mkewe amjibu kwa jina. Kijiji kizima kikamfuata. Bi Mize akafariki, na anayemkumbuka hamcheki tena. Yule mtoto akakua, akaolewa, akazaa. Pandu akaota mvi, akainama mgongo, na asubuhi moja akafariki kitandani pake kwa amani.

Siku hiyohiyo wanawake waliokwenda kuokota kuni walipita njia ya mahameni. Njia ile haikuwa imekanyagwa na mtu miaka na miaka.

Ilikuwa imefagiwa. Na kwenye ule mlango usio na ubao, palikuwa pametandikwa mkeka mpya.

Basi, wenzangu: bisha, amkia, omba radhi, sindikiza. Lakini neno la adabu ulitie moyo ndani yake, kwa maana wapo wanaolishika.

Hadithi yangu imeishia hapo, nayo inaomba kuaga. Msiisindikize.